Sauti Niliyomtumia Baba

Minto, Sydney
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako dada yangu Zaina,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta umeamka vyema na ule mguu umepungua kuvimba. Idi aliniambia kwamba siku zote za matanga ulikaa chini kwenye mkeka, na ulipotaka kuinuka ilibidi ushikwe na watu wawili. Umekwenda kupima presha? Zile dawa unazimeza, au bado unawagawia majirani kila anayelalamika kichwa? Kifua cha Shemeji Rajabu kinaendeleaje? Na mvua je, zimeshaanza huko, au bado mnachota maji kwa watu? Sisi huku tu wazima wa mwili. Rukia bado yuko kwenye kile kituo cha kutunza wazee, anarudi amechoka lakini anarudi. Salma ameota urefu, sasa ananifika begani, na viatu vya mama yake vinamtosha.

Najua hukuniuliza hali. Tangu ujumbe wako ule wa mwisho nikikupigia simu inaita mpaka inakata yenyewe, na Idi akipokea anasema mama yuko jikoni. Sikulaumu. Ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Sikutumii sauti, dada, sauti nimekoma. Barua namkabidhi Mama Sharifa, jirani yake rafiki yangu mmoja wa Lidcombe, anakuja Tanga kwenye harusi ya mdogo wake. Nimemwomba akupe wewe mkononi, asimwachie mtu.

Nataka nikueleze yote yalivyokuwa, hata yale ambayo Rukia hayajui.

Nianze na ile simu ya video. Ilikuwa siku ya nne tangu baba apatwe na kiharusi. Ulimwegemeza kwenye mito, ukamwelekezea simu, ukasema, "Baba, huyu hapa Bakari." Nikamwona mdomo umekwenda upande. Alinijua, dada, maana lile jicho lake zima lilicheka. Akafungua mdomo, ikatoka "ba... ba... ba...", halafu yakatoka mate, ukamfuta kwa kanga yako. Baba yetu! Mtu ambaye Ngamiani yote ilimwita Athumani Redio kwa sababu hanyamazi!

Mimi nikaanza, "Haloo? Haloo? Dada, sikusikii, mtandao unakatika." Ukasema mbona mimi nakusikia vizuri. Simu ikakatika.

Mtandao haukukatika. Nilibonyeza mimi. Nilikuwa nimesimama uani kwenye kamba ya nguo, nikakaa pale na simu mkononi, halafu nikaingia ndani. Rukia akaniuliza baba hajambo? Nikamwambia hajambo, ila mtandao wa kule mbovu. Na tangu siku ile, kama ulikuwa hukutambua, sikupiga tena simu ya video. Nilikuwa nakupigia wewe, nakuuliza wewe, wewe unanijibu, halafu nasema msalimie baba. Ukitaka kumpa simu nasema nimeitwa kazini.

Sasa hili la filamu. Najua wewe uliliona mchezo, mtu mzima anacheza na kompyuta wakati baba yake amelala. Lakini naomba nikuhadithie, kwa sababu wewe hukuwahi kuiona ile filamu. Mama, Mungu amrehemu, hakukuruhusu kuingia kwenye ukumbi wa video wa Mzee Kombo hata siku moja. Alisema msichana anayekaa gizani na wanaume hapati mchumba. Ulikuwa ukisikilizia nje, dirishani, na mimi ndani nimekaa mkekani mbele kabisa, chini ya kiti cha baba.

Baba alikuwa akitoka kazini reli, anaoga, anavaa shati lile jeupe, na Jumamosi na Jumapili saa kumi anakaa kando ya televisheni na kutafsiri. Filamu za Kihindi alitafsiri, za karate alitafsiri. Lakini iliyomjengea jina ilikuwa ile moja ya majambazi, ya zamani, haina hata rangi, ambayo Mzee Kombo aliipata kwa baharia na akataka kuitupa. Vijana walilalamika siku ya kwanza. Wanasema hii filamu kama imepigwa picha usiku kucha! Baba akawaambia, "Tulieni, leo mtamjua Kasimu."

Jina la Kasimu alilitunga yeye. Jambazi lile kwa Kiingereza lina jina jingine kabisa, na filamu yenyewe ina jina ambalo baba hakulitamka kamwe. Ilikuwa ile ya Kasimu, basi. Kasimu anatoka jela baada ya miaka mingi, mvua inanyesha, hakuna aliyekuja kumpokea ila mwanamke mmoja ndani ya gari, mwimbaji, baba akamwita Zubeda. Askari anayemwinda amekua naye mtaa mmoja, huyo akawa Inspekta Mbwana, na baba aliapa kwamba wote wawili walikulia Barabara ya Kumi na Mbili na aliwahi kucheza nao mpira. Watu wanacheka mpaka wanaanguka. Kasimu anataka kuacha ujambazi, wenzake hawamwachi, wanamlazimisha aende nao kwenye kazi moja zaidi. Huko anapigwa risasi ya tumbo. Anajikokota mpaka chumbani kwa Zubeda, ghorofani, analala pale huku mwanga wa taa za barabarani unampita usoni mistari mistari kupitia dirisha. Zubeda anatoka. Muda si mrefu askari wako ngazini.

Hapo baba alikuwa akishusha sauti. Anasema, "Zubeda ametoka kumtafutia daktari, jamani. Maskini hajui kwamba anafuatwa." Wanaume wazima walikuwa wakijipangusa macho kwa mikono ya mashati. Kanda ile ilichezwa mpaka picha ikaanza kuruka, na bado walikuwa wakiiomba.

Basi, wiki chache baada ya ile simu niliyoikata, nilikuwa kituo cha treni cha Lidcombe nangoja treni ya kurudi. Ukutani kulikuwa na tangazo. Mtu amevaa kofia, nusu ya uso iko kwenye kivuli. Nilimjua kabla sijasoma neno. Nikasema kwa sauti, "Kasimu!" Mzungu mmoja aliyekuwa karibu akasogea pembeni.

Ilikuwa inaonyeshwa mjini Jumamosi ya wiki ileile mchana, kwenye jumba moja la sinema la zamani lenye mapazia mekundu. Nilikwenda peke yangu. Nilidhani nitakuta wazee watano. Dada, lilijaa! Vijana, wazee, wengine wamevaa makoti marefu na kofia kama za filamuni. Kabla ya kuanza akasimama mama mmoja mwenye mvi, mwalimu wa chuo, akaieleza. Akasema filamu hii ilipotoka mara ya kwanza haikuthaminiwa, magazeti yaliiita takataka ya bei rahisi, na aliyeitengeneza alikufa akidhani ameshindwa maisha. Watu waliokuja baadaye ndio walioigundua. Watengeneza filamu wa kila nchi wakaja kujifunza kwake namna ya kuweka giza, namna ya kumpiga mtu picha akiwa nusu mwema nusu mbaya. Akasema leo hakuna anayetaja filamu bora za majambazi akaiacha hii, na wanafunzi bado wanaiandikia mitihani. Halafu akasema, kazi nzuri hupata watu wake hata ikichelewa, hata mahali ambapo mwenye kazi hakupafikiria.

Nikataka kusimama. Nikataka kumwambia, hata Tanga, mama. Hata Ngamiani, kwenye chumba cha mabati, kwenye televisheni ya inchi kumi na nne, ilipata watu wake, na aliyewapa watu hao ni baba yangu. Sikusimama. Taa zikazimwa.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ukimya. Hakuna aliyesema neno. Kasimu anaingia, kimya. Zubeda anaimba, kimya. Kuna pale Kasimu anasimama dirishani muda mrefu, anaangalia mvua, na baba alikuwa akisema, "Kasimu, funga dirisha, mbu hao!" Nilicheka peke yangu, kwa sauti, watu wakageuka. Nikawa najaribu kujizuia na siwezi, nikaishia kulia, na aliyekaa jirani yangu akanipa karatasi ya kufutia uso bila kuniangalia.

Halafu ikafika mwisho. Sasa Kiingereza nakisikia, si kama wakati ule. Zubeda hakwenda kutafuta daktari, dada. Alikwenda kwenye simu, akawapigia askari mwenyewe, akawatajia nyumba na ghorofa. Kasimu anauawa ngazini, na yeye anapita kando yake anakwenda zake wala hageuki kumwangalia.

Na baba alijua. Alikuwa karani wa reli, barua za Kiingereza aliziandika yeye kwa niaba ya wakubwa. Ukiondoa majina na vichekesho, maneno mengine yote aliyatafsiri sawasawa, nimeyahakiki. Ni hilo moja tu alilolikataa. Nadhani hakutaka wanaume wale warudi kwa wake zao na moyo wa namna ile. Hata hivyo nadhani tu, na sasa sina wa kumuuliza.

Nilitoka pale nimepata wazo, na nilidhani ni wazo la mapenzi. Baba hawezi kusema. Basi nitamsemea mimi. Nitaitafuta ile filamu, nitaitafsiri yote kwa Kiswahili, vilevile alivyofanya, na vichekesho vyake vyote, na mwisho wake yeye, si wa hawa. Nitamtumia akiwa kitandani aisikie. Ilinipa furaha, Zaina, furaha ya kweli. Niliacha hata kukosa usingizi.

Niliipata, iliyosafishwa, inang'aa. Salma akanifundisha kuingiza sauti kwenye kompyuta. Kila Jumapili mchana tulikuwa tunajifungia kwenye gereji ili tusisikie magari. Salma akawa Zubeda. Wewe unajua Kiswahili chake, anakisikia chote lakini akijibu anajibu Kiingereza. Nilikuwa namwandikia maneno, anayasoma kama anapanda mlima. Tulipofika ile sehemu ya mwisho akavua vile visikilizio, akasema kwa Kiingereza chake, "Lakini baba, sivyo anavyosema huyu mama. Anawaita polisi." Nikamwambia ndivyo anavyosema babu yako. Akasema babu amekosea. Nikamwambia, "Babu hajakosea. Soma nilivyokuandikia."

Inspekta Mbwana akawa Baraka. Sikumbuki kama niliwahi kukutajia Baraka. Ni Mkongo wa Uvira, tunafanya naye kazi ghalani hapa Minto, mimi na yeye ndio wenye Kiswahili kwenye zamu yetu. Alikuja huku kama mkimbizi na mama yake na wadogo zake. Baba yao aliuawa mbele yao vitani. Ana sauti nzito, anapenda kuimba kanisani, na alifurahi sana nilipomwomba.

Na katika wiki hizohizo wewe ulikuwa unanipigia. Mara ya kwanza uliniambia, "Bakari, ukipata nafasi, njoo." Nikasema Desemba ghala linajaa mizigo, hawatoi likizo. Mara ya pili ukasema, "Njoo, baba hali vizuri." Nikasema Salma ana mitihani. Mara ya tatu nikakueleza kuhusu filamu, kwa furaha, nikidhani utafurahi. Ukasema, "Bakari, baba hahitaji filamu. Anahitaji mtu wa kumgeuza kitandani. Mgongo wangu umekwisha." Nikakujibu nini? Nikakuambia ungoje kidogo tu, imebaki sehemu ndogo. Nikikumbuka jibu lile natamani ardhi inipokee.

Baraka ndiye aliyeniambia ukweli kwanza. Jumapili moja tuko gerejini, simu yangu ikalia, ni wewe, nikaizima nikaendelea kupanga waya. Akaniuliza ni nani. Nikasema dada, ananisumbua nije nyumbani. Akaweka karatasi yake chini.

"Bakari, weye uko na passeport?"

"Ninayo."

"Na baba yako iko muzima?"

"Yuko hai, ndiyo."

"Sasa unafanya nini na miye humu ndani ya gereji?"

Nikamwambia yeye haelewi. Nikamwambia hii kazi ni kwa ajili ya baba. Akatikisa kichwa. "Hii kazi ni kwa ajili yako. Miye baba yangu kama angekuwa kitandani, hata hajui jina langu, hata anatukana, ningetembea kwa miguu. Weye unaogopa kumuona, ndiyo maana. Sema kweli."

Nilikasirika. Nikamwambia, kwa ukali kabisa, "Soma maneno ya Inspekta." Akayaokota makaratasi, akayasoma yote mpaka mwisho, kwa sauti nzuri, hakukosea hata neno. Kisha akaenda zake bila kunywa chai. Tulikuwa hatujawahi kuachana bila chai.

Nilimtumia Idi sehemu ya kwanza, dakika ishirini. Nikamwambia asikuambie wewe, amwekee babu sikioni. Idi akaniandikia, "Mjomba, babu amefurahi, amechezesha mguu." Nikaruka kwa furaha jikoni. Siku ya pili nikamwambia amrudishie tena. "Amefurahi, mjomba." Usimgombeze Idi. Alikuwa ananihurumia tu.

Kisha Alhamisi ikaja ile meseji yako. Nimeisoma mara nyingi mpaka naijua kwa moyo, na nakuandikia hapa ili ujue kwamba niliisoma vizuri: "Usitume tena. Kila akisikia sauti yako anaangalia mlangoni. Anadhani umefika. Nikizima, anaendelea kuangalia. Jana hakula mpaka magharibi, nikimgeuza upande wa ukuta anajigeuza arudi upande wa mlango. Baba alikutaka wewe, wewe umemtumia sauti."

Nilikuwa nimekaa kwenye gari nje ya ghala. Sikuweza kushuka. Zamu ilianza bila mimi.

Kesho yake nikamwendea msimamizi wetu, Mgiriki mmoja mtu mzima. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nilikuwa na maneno yangu yote kichwani. Nikamwambia baba yangu mgonjwa sana, nyumbani Tanzania, naomba ruhusa. Hata hakuinua kichwa kwenye kompyuta yake. "No worries, mate," akasema, "nenda kamwone baba yako. Mbona hukuniambia mapema?" Haikufika nusu dakika. Ile likizo niliyokuwa nakuambia haitolewi, nilikuwa sijawahi kuiomba.

Nikakata tiketi ya Jumatano. Sikukuambia, nilitaka nifike tu. Jumamosi nikamnunulia baba fulana laini za kulalia, Rukia akanipangia mafuta ya kumkanda na namna ya kumgeuza, maana ndiyo kazi yake. Alinifundisha kitandani kwetu, yeye amelala mimi namgeuza, mkono mmoja chini ya bega, mmoja chini ya nyonga. Nikajifunza mpaka akasema sasa unaweza.

Jumatatu, mapumziko ya mchana, Shemeji Rajabu akanipigia. Kwenu ilikuwa alfajiri. Alisema, "Bakari, kaa chini kwanza." Sikukaa. Nilikuwa na funguo za foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mkononi, na Baraka ndiye aliyekuja akanikunjua vidole kimoja kimoja akazichukua. Alinipeleka nyumbani kwa gari lake, akakaa na mimi sebuleni mpaka Rukia akarudi.

Mlimzika saa nne ya asubuhi. Huku ilikuwa saa kumi na mbili ya jioni, na siku hizi jua linachelewa kuzama, lilikuwa bado kali. Nilikaa kwenye ngazi za nyuma. Nilijaribu kusoma Yasini, nikawa napotea, narudi mwanzo, napotea.

Rukia alisema tiketi unayo, nenda, hata kama hukuwahi, dada yako yuko peke yake. Nikakataa. Nikasema nikaonyeshe uso gani? Nikaivunja ile safari. Hilo ndilo ninalotaka kukuomba radhi kuliko yote, Zaina. La kwanza nilikuwa mwoga. La pili nilijua kabisa kwamba unabeba msiba mzima wewe, na wageni, na wapishi, na mguu ule, nikakuacha. Nimekuwa mwoga mara mbili kwa mtu mmoja na msiba mmoja.

Wiki ile ya matanga Salma alinijia gerejini. Nilikuwa nakusanya zile waya nizitoe. Akaniuliza kama babu aliwahi kumsikia, sauti yake yeye. Maneno ya Zubeda yanaanza sehemu ya pili, na ya pili sikuituma. Nikamwambia hapana, haikumfikia. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, mtoto ambaye kwa Kiswahili haniombi hata maji, akaniuliza, "Kwa nini hatukuenda?"

Nilimkumbatia tu, na yeye akaniacha nimkumbatie, lakini mikono yake ilibaki chini.

Nimeomba tena likizo, nimepewa. Tunakuja mwezi ujao, mimi na Salma, Rukia atabaki kazini. Sisemi utupokee. Ukiona hutaki kunikuta mlangoni kwako, nitafikia kwa shangazi Mwanaheri, nimeshamwandikia na amekubali. Ila Salma naomba umpokee. Hana kosa, na anakupenda bila kukujua, ananiuliza kila siku shangazi ana sura gani.

Nisalimie Shemeji Rajabu, umwambie namshukuru kwa kunitafutia kiti kabla ya kunipa habari. Nisalimie Idi, na umwambie mjomba wake hana kinyongo naye hata kidogo, na asome. Nisalimie shangazi Mwanaheri, dada yake baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Mama Kombo, mjane wa Mzee Kombo, kama bado yupo pale dukani kwake, mpe salamu na pole, maana nasikia alikaa matanga siku zote tatu. Rukia anakusalimu na anakuomba upime presha. Baraka pia anakusalimu, ingawa humjui. Baada ya ile siku ya gerejini hakunisemesha wiki nzima, siku hizi tumerudi kunywa chai.

Jambo moja, dada, na kwa hili tu naomba unijibu, hata kwa neno moja kupitia kwa Idi. Mama alipofariki nilikuwepo. Nilishuka kaburini, nilimpokea kwa mikono yangu. Makaburini pale najua kufika nikiwa nimefumba macho. Lakini baba sijui mmemweka upande gani wa mama, kichwani, miguuni, au ubavuni kwake. Idi nimeona haya kumuuliza. Sitaki kufika pale na mtoto wangu nimemshika mkono, halafu nianze kusoma majina.

Ndimi mdogo wako,
Bakari